Bakaa ya mkopo wa B-On-Time wa Texas: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Jumamosi mchana wazazi wenzangu hapa Houston huja na bahasha za vyuo, tunakaa mezani, tunasoma karatasi mstari kwa mstari. Karibu kila msimu linaibuka swali la B-On-Time. Mpwa wa fulani aliupata mkopo huo akamaliza chuo bila deni, sasa mbona binti yangu haoni hata jina la mkopo huo kwenye orodha? Na zile fedha zilizobaki mfuko ulipofungwa, nani alizichukua? Nimechoka kujibu vipande vipande, na jambo lenyewe linastahili maelezo ya kutosha, kwa sababu fedha hizo zilitoka mifukoni mwa familia kama zetu.

B-On-Time ulikuwa mkopo wa namna gani?

Ulikuwa mkopo wa jimbo la Texas, ulioanzishwa 2003, usio na riba hata senti moja. Uzuri wake ulikuwa kwenye masharti ya msamaha. Mwanafunzi akihitimu akiwa na wastani wa alama usiopungua 3.0 kati ya 4.0, na akamaliza kwa wakati, yaani miaka minne kwa shahada nyingi na mitano kwa fani ndefu kama uhandisi na usanifu majengo, deni lote lilifutwa. Hata aliyechelewa kidogo alikuwa na mlango mwingine: akimaliza kwa wastani uleule bila kuzidisha zaidi ya krediti 6 (vipimo vya masomo) juu ya zile zinazohitajika na shahada yake, naye alisamehewa.

Jina lenyewe limebeba masharti yote mawili, alama B na wakati. Nimewahi kumwona kijana akiishika karatasi yake ya msamaha kwa mikono miwili kama cheti cha ndoa. Kwa familia ambayo mzazi anafanya zamu ya usiku ghalani, mkopo unaojifuta kwa bidii ya mtoto ni jambo kubwa sana.

Fedha zake zilitoka wapi?

Hapa ndipo pa kukaa vizuri, maana asiyeelewa hapa hataelewa ugomvi wa bakaa.

Mwaka huohuo wa 2003, Gavana Rick Perry alitia saini sheria iliyoziachia bodi za vyuo vikuu vya umma zijipangie sehemu ya ada. Kabla ya hapo Bunge ndilo lililokuwa likiweka kikomo. Wabunge walijua ada itapanda, na ilipanda. Kwa hiyo wakaweka sharti: kwa mwanafunzi mkazi wa Texas anayesoma shahada ya kwanza, sehemu ya ada hiyo inayozidi dola 46 kwa krediti itakatwa asilimia 20 kwa ajili ya kusaidia wanafunzi wenye shida. Asilimia 15 ilibaki chuoni kutoa misaada. Asilimia 5 ilipelekwa Austin, makao makuu ya jimbo, kwenye akaunti ya B-On-Time.

Tufanye hesabu. Chukua chuo kinachotoza dola 200 kwa krediti kwa ada hiyo. Toa 46, zinabaki 154. Asilimia 5 ya 154 ni dola 7 na senti 70. Mwanafunzi akisoma krediti 15 kwa muhula, amechangia dola 115 na senti 50. Kwa mwaka wa mihula miwili ni dola 231, na kwa miaka minne ni 924. Huu ni mfano wangu, kila chuo kilikuwa na ada yake, lakini unaona mwenyewe: hata mwanafunzi ambaye hakuwahi kuusikia mkopo huo alikuwa akiuchangia kila muhula.

Bunge nalo liliweka fedha za kodi, hasa kwa ajili ya wanafunzi wa vyuo binafsi, ambao nao waliruhusiwa kukopa. Lakini chungu kikuu kilijazwa na ada za vyuo vya umma.

Wanafunzi ni wengi na shida ni nyingi. Bakaa ilitoka wapi?

Swali hili huulizwa kwa hasira, na hasira hiyo ninaielewa. Sababu zilikuwa kadhaa na zilishikana.

Ya kwanza ni neno lenyewe, mkopo. Familia nyingi zikiona mkopo zinarudi nyuma, hata ukiwaambia unasamehewa. Wanauliza: na asipofikisha B? Swali la haki kabisa, kwa sababu si wachache waliochukua wakashindwa kufikisha masharti, wakabaki na deni.

Ya pili ni sheria za serikali kuu. Kuanzia Februari 2010, kanuni mpya za Washington za kumlinda mkopaji ziliuweka mkopo wowote wa elimu usio wa serikali kuu kwenye kapu la mikopo binafsi, pamoja na ule wa benki. Kanuni zile zilikuwa na nia njema, maana kabla ya hapo kulikuwa na vyuo vilivyokuwa vikiwasukumia wanafunzi benki rafiki. Lakini mkopo wa jimbo usio na riba ulitiwa kwenye kapu lilelile. Mwanafunzi akatakiwa kujaza fomu ya kujithibitishia mahitaji yake, kupewa taarifa za masharti mara tatu katika hatua tofauti, na kusubiri zipite siku za kutengua mkopo akibadili nia, kabla fedha hazijatoka. Vyuo navyo vikawa vinaogopa kuutangaza mkopo huo visije vikaonekana vinampendelea mkopeshaji mmoja. Kwa kijana wa kwanza kusoma chuo katika ukoo wake, ambaye baba na mama hawajui hata mlango wa ofisi ya misaada uko upande gani, kila karatasi inayoongezeka ni sababu ya kukata tamaa.

Ya tatu haisemwi sana, na kwangu ndiyo nzito kuliko zote. Katiba ya Texas hairuhusu Bunge kutumia zaidi ya mapato ambayo mdhibiti wa fedha wa jimbo amethibitisha kuwa yatapatikana. Fedha iliyolala kwenye akaunti maalumu, ikiachwa bila kuguswa, huhesabiwa katika uthibitisho huo. Maana yake ni kwamba dola iliyotengwa kwa ajili ya wanafunzi, isipotumika, inasaidia vitabu vya bajeti nzima kusawazika. Hakuna aliyeiba. Fedha ipo, imeandikwa, inaonekana. Lakini iko pale kama mahindi ya mbegu yanayoonyeshwa mgeni ili ajue ghala halina njaa. Texas imefanya hivyo kwa akaunti nyingi, si hii peke yake, na wabunge wa pande zote mbili wamekiri kuwa ni tabia mbaya.

Kwa hiyo mwaka hadi mwaka ada ziliingia nyingi kuliko mikopo iliyotoka, na salio likafika mamilioni ya dola.

Sheria ya 2015 ilisema nini hasa?

Bunge la Texas hukutana miaka isiyogawanyika kwa mbili, siku 140, kuanzia Januari. Katika kikao cha 2015 ulipita muswada namba 700 wa Baraza la Wawakilishi, ukawa sheria katika mwaka wa kwanza wa Gavana Greg Abbott. Ulifanya mambo manne. Ulisimamisha mikopo mipya ya B-On-Time kuanzia vuli ya mwaka huo. Uliwalinda waliokwisha kuanza, wakaruhusiwa kuendelea kupata mkopo wa kila mwaka hadi 2020 ilimradi wanatimiza masharti. Ulifuta ile asilimia 5 ya makato. Na uliamua kuhusu bakaa: iende kwa vyuo vikuu vya umma vilivyochangia, kwa kanuni ya mgawanyo itakayoandikwa na Bodi ya Uratibu wa Elimu ya Juu ya Texas.

Ile asilimia 15 inayobaki chuoni haikuguswa.

Kwa nini wasirudishiwe wanafunzi waliolipa?

Mama mmoja aliniuliza hivi akiwa na risiti za mwanawe mikononi, zimefungwa kwa mpira, za mwaka 2009 hadi 2013. Sikuwa na la kumjibu haraka.

Kisheria, ukishalipa ada fedha si yako tena. Ile asilimia 5 haikuwa akiba ya mtu, ilikuwa sehemu ya ada iliyopangiwa kazi. Ukitaka kumrudishia kila mmoja, inabidi umtafute aliyesoma muhula mmoja miaka kumi iliyopita akahamia Ohio, umpe dola 60. Gharama ya kumtafuta itakula nusu yake.

Hata hivyo nilimwambia yule mama, na nitarudia hapa, kwamba hoja yake ina uzito. Aliyechangia 2009 hakupata chochote, na atakayenufaika na bakaa ni mtu mwingine kabisa. Sheria ilichagua chuo kisimame badala ya mwanafunzi. Ni njia ya pili kwa ubora, na nadhani ndiyo pekee iliyowezekana.

Vyuo viligawiwa kwa kigezo gani?

Wengi wetu tumewahi kuvunja kikoba mwisho wa mwaka, na ndugu zetu wa Kongo wanajua likelemba. Tunajua ugomvi huanzia pale kwenye kugawana, hata kama mwaka mzima mlikuwa mkicheka. Aliyeweka hisa nyingi anataka kulingana na hisa zake. Aliyekopa kidogo anasema, nyie mmeshafaidi, sasa ni zamu yetu. Mwenye mgonjwa nyumbani anasema tazameni shida. Wote watatu wana haki, na Bunge lilikuwa mbele ya wote watatu.

Twende na mfano wa vyuo viwili, namba ni zangu. Chuo cha kwanza kimechangia milioni 10, na wanafunzi wake wamekopa milioni 9. Chuo cha pili kimechangia milioni 10, wanafunzi wake wamekopa milioni 3. Bakaa ni milioni 8. Ukigawa kwa mchango, kila kimoja kinapata 4. Inaonekana sawa, lakini jumlisha: cha kwanza kimefaidi 13, cha pili 7. Yaani chuo cha pili kimewasomesha watoto wa chuo cha kwanza.

Ukigawa kwa kuangalia nani alichangia akatumia kidogo, cha kwanza kinapata 1 na cha pili 7. Sasa kila chuo kimepata milioni 10 kilizoweka.

Sheria ya 2015 iliegemea njia hii ya pili. Ililenga vyuo ambavyo wanafunzi wao walichangia bila kuufikia mkopo kwa kiwango kinacholingana na mchango wao. Naiunga mkono kwa moyo wote, na sababu yangu haiko kwenye hesabu tu. Jiulize ni chuo gani ambacho wanafunzi wake hawakukopa. Mara nyingi ni kile ambacho ofisi ya misaada ina watu wawili na foleni inafika nje, ambacho wanafunzi wanafanya kazi saa 30 kwa wiki na wanajua kabisa hawatamaliza kwa miaka minne, kwa hiyo msamaha kwao ni ndoto. Kutokopa kwao hakukumaanisha hawana shida.

Njia ya tatu, kugawa kwa shida peke yake bila kujali nani aliweka nini, ina watetezi wake na siwabezi. Lakini ingeigeuza fedha ya ada kuwa kodi ya jimbo zima kwa mlango wa nyuma.

Mbona jimbo halikuzichukua likajenga barabara?

Akaunti maalumu ina kazi yake iliyoandikwa kwenye sheria. Ili kuibadilisha kazi hiyo lazima Bunge lipitishe sheria nyingine, hadharani, na vyuo pamoja na wazazi wangepiga kelele. Njia iliyo rahisi zaidi ni ile niliyoeleza, ya kuiacha ilale. Ndiyo maana kuwepo kwa sheria ya kuigawa kulikuwa na maana kuliko watu wanavyodhani: iliitoa fedha kwenye usingizi.

Nilikopa B-On-Time lakini sikufikisha alama. Mfuko ulipofungwa, deni nalo limekufa?

Hapana, ndugu yangu. Hili limewaumiza watu, kwa hiyo nalisema wazi. Kilichofungwa ni utoaji wa mikopo mipya. Mkataba uliosaini bado ni mkataba, na mdai wako ni jimbo kupitia ile Bodi ya Uratibu. Hauna riba, lakini ukiacha kulipa unaharibu rekodi yako ya mikopo na mengine yatafuata. Kama ulitimiza masharti na deni lako bado linaonekana, andika kwao, ambatanisha nakala rasmi ya matokeo inayoonyesha tarehe ya kuhitimu na wastani. Usitume picha ya simu, omba nakala rasmi.

Je, ndivyo ilivyokuwa kwa mkopo wa Perkins?

Vinafanana kwa jambo moja: vyote vilifungwa vikiwa na fedha ndani. Perkins ulikuwa wa serikali kuu. Ulianza 1958, mwaka mmoja baada ya Warusi kurusha Sputnik na Marekani kushtuka kwamba imeachwa nyuma kwenye sayansi. Mwaka 1986 ukapewa jina la Carl D. Perkins, mbunge wa Kentucky. Riba yake ilikuwa asilimia 5, na mkopeshaji alikuwa chuo chenyewe, kwa mfuko wa mzunguko: anachorudisha aliyehitimu kinakopeshwa kwa anayeingia.

Idhini ya kutoa mikopo mipya iliisha tarehe 30 Septemba 2017, na malipo ya mwisho kwa waliokwisha kuanza yakakoma 30 Juni 2018. Kugawana kwake kulikuwa rahisi kwa sababu tangu mwanzo kila chuo kilijua sehemu iliyotoka Washington na sehemu kiliyoweka chenyewe. Marejesho yakikusanywa, sehemu ya serikali kuu inarudi serikali kuu, na ya chuo inabaki chuoni. Laiti akaunti ya B-On-Time ingeandikwa hivyo 2003, kusingekuwa na haja ya mjadala 2015.

Mbona nyumbani hatusikii habari za bakaa?

Kwa sababu kule tatizo ni kinyume chake. Bodi ya Mikopo ya Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya 2004, na HELB, bodi ya mikopo ya Kenya, iliyoundwa kwa sheria ya 1995, zote huwa na waombaji wengi kuliko fedha. Marejesho ya wanufaika yanakopeshwa tena hata kabla wino haujakauka. Mtanzania anakatwa asilimia 15 ya mshahara, Mkenya analipa riba ya asilimia 4, na wote wanajua kwamba anachorudisha ndicho boom, yaani posho ya masomo, ya mdogo wake. Mzazi aliyekulia kwenye utaratibu huo akiambiwa kwamba Texas kulikuwa na fedha za wanafunzi zimelala bila mkopaji, anadhani nimekosea kutafsiri. Sikukosea.

Bakaa ikishafika chuoni, mwanangu ataionaje?

Haitakuja na jina la B-On-Time. Ikiingia kwenye misaada ya wanafunzi, itatokea kwenye barua ya chuo kama msaada wa chuo au ruzuku, ikichanganyika na nyingine. Huombi bakaa, unaomba msaada wa masomo.

Na mlango wa msaada ni FAFSA, fomu ya serikali kuu ya kuomba misaada ya masomo. Jaza mapema. Wazazi waliokuja kama wakimbizi kutoka Kongo au Burundi, tafadhali msisikilize anayewaambia kwamba lazima kwanza mpate uraia: mkimbizi aliyekubaliwa kisheria na mwenye kadi ya kijani wote wanaruhusiwa kuomba misaada ya serikali kuu. Baada ya FAFSA, muulize afisa wa misaada kuhusu TEXAS Grant, ruzuku ya jimbo iliyoanzishwa 1999, ambayo hairudishwi. Hiyo ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa kabla ya B-On-Time na baada yake.

Mwana akipelekewa mkopo wowote wa masharti, mkae naye na kalenda. Andikeni mwezi wa kuhitimu, hesabuni krediti kwa kila muhula, mtoe zile atakazopoteza akibadilisha fani. Kama hesabu haifiki, uchukulieni kama deni kamili tangu siku ya kwanza.

Nitajuaje ni kiasi gani cha ada ya mwanangu kinakwenda kusaidia wengine?

Sheria ya Texas inakitaka chuo cha umma kimjulishe mwanafunzi kiasi cha ada yake kinachotengwa kwa misaada. Kwenye chuo anachosoma binti wa jirani yangu taarifa hiyo iko chini kabisa ya bili ya kwenye tovuti, kwa herufi ndogo, baada ya ada ya maegesho. Tuliitafuta naye robo saa nzima. Alipoiona aliisoma kwa sauti, akaandika kiasi hicho kwa kalamu nyekundu pembeni ya daftari lake, kisha akafungua ukurasa wa misaada ya chuo kuangalia kama na yeye ana chake huko.